Karakana ya Maalim: Trekta la majani, kulifufua au kulichinja?

Swali

Assalaamu alaykum Maalim, na shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Bambi, Unguja. Nilikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya upande wa mashariki. Hoteli ilipopata wenyewe wapya, bustani ikavunjwa, pakajengwa mabwawa ya kuogelea, na sisi wa bustani tukaambiwa kazi imekwisha. Sehemu ya haki yangu nililipwa pesa, sehemu nyengine nikapewa trekta la majani, lile ambalo mtu anakaa juu na kuendesha.

Ni Craftsman, lilikuwa jekundu, sasa limepauka. Kwenye kibati cha chini ya kiti namba yake inaanzia 917. Injini ni Briggs & Stratton ya farasi 17.5, silinda moja. Juu yake pamepigwa Model inayoanzia 31 na Code inayoanzia 0408. Gia ni za mkono. Deki ni ya inchi 42, visu viwili.

Halijafanya kazi tangu kabla ya masika ya mwaka jana. Siku zile za mwisho lilikuwa likiwaka kwa taabu: ukigeuza ufunguo stata inazungusha nusu, inakwama, inangoja, inazungusha tena. Tulinunua betri mpya, haikusaidia. Likishawaka linatoa moshi wa buluu. Sasa liko chini ya mwembe, nimelifunika turubai.

Mnunuzi wa vyuma chakavu amenitajia shilingi 120,000 na gari ya kubebea analeta mwenyewe. Shemeji yangu anasema tulichinje: injini aifunge kwenye pampu ya kisima chake cha mboga, matairi yaende kwenye rikwama, kilichobaki tuuze kidogo kidogo. Mimi moyo wangu unataka kulifufua, maana kuna uwanja wa mpira, kuna skuli mbili, na kuna watu wenye viwanja vikubwa wanaolipa kufyekewa. Mke wangu yeye anasema chochote nitakachoamua, liondoke pale chini ya mwembe. Nifanye nini?

Jibu

Marahaba mwanangu, na waalaykumu salaam. Kabla ya spana tuanze na karatasi. Kama umepewa mashine badala ya pesa, uwe na barua ya hoteli yenye namba ya mashine na saini ya aliyekupa. Mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye akili atakuuliza umeipata wapi, asiyekuuliza usimuuzie. Na kama una shaka haki yako haikupigiwa hesabu sawasawa, hiyo si kazi ya karakana. Nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize, kuuliza si kugombana.

Sasa trekta. Wewe, shemeji yako na mnunuzi nyote mnatazama injini, kwa sababu injini ndiyo inayopiga kelele. Mimi ningeanzia chini, kwenye deki, lile sinia la chuma lililobeba visu. Injini ya aina hii ina dawa nyingi na nyingi ni za bei ndogo. Deki iliyooza kwa chumvi ya pwani ya mashariki ni habari nyengine, kwa sababu huko Marekani mtu anaokota deki ya trekta jengine lililokufa injini, na hapa hakuna pa kuokota.

Ndiyo maana neno la shemeji yako silikubali haraka. Gari la Toyota ukilichinja Unguja, mlango unaondoka kesho na taa kesho kutwa, maana barabarani yamejaa ya aina ile ile. Craftsman likichinjwa Marekani linauzwa vivyo hivyo. Hapa kwetu wenzake wako wapi? Wako nyuma ya majiko ya hoteli, Nungwi mpaka Jambiani, na wengi wao ni wa kampuni nyengine kabisa. Wanunuzi wako wanahesabika, na hawanunui kipande bila kukiona kikifanya kazi.

Tukipige hesabu kile kitakachotoka. Matairi ya mbele ya trekta la namna hii kwa kawaida ni inchi 15 kwa 6 kwenye rimu ya 6, ya nyuma ni 20 kwa 8 kwenye rimu ya 8. Yale ya mbele yana tundu la inchi robo tatu na yanafaa toroli au rikwama, ikiwa jua halijayapasua mbavuni. Betri ya tangu mwaka jana usiihesabu. Stata inafaa injini ya ukoo ule ule tu. Kiti na usukani, labda watoto wachezee. Chuma kilichobaki kinakwenda kwa kilo kwa yule yule bwana wa 120,000, naye sasa atakupa pungufu kwa kuwa kilichokuwa na maana umeshakitoa. Toa humo siku zako za kufungua boliti zilizoshikana kwa kutu, na sehemu ya shemeji.

Injini kwenye pampu, hapo nasema hapana kwa sauti. Injini ya trekta la majani imesimama wima: shafti yake inatoka chini, inaelekea ardhini, ili izungushe mikanda ya deki na ya gia. Pampu ya kisima inataka shafti iliyolala. Ukiilaza injini ubavu ili ulazimishe, oili inakimbilia upande mmoja na kuziacha kavu sehemu ambazo kiwanda kilizipangia kurushiwa oili, na kabureta nayo inalala na boya lake. Itawaka, itafurahisha watu, kisha itakata kranki, ile shafti kuu ya injini. Halafu ni injini ya cc 500, kubwa mno kwa kazi hiyo. Pampu ya inchi mbili inatosheka na injini ndogo ya kulala ya farasi 5.5 au 6.5, zile zilizojaa madukani. Shemeji akanunue hiyo. Petroli atakayookoa kwenye mboga zake itamlipa.

Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, pima. Pesa utakazotumia kupimia zisipite hizo 120,000. Zikiisha na trekta halina njia, bado yule bwana yupo na chuma ni kile kile, umerudi pale ulipoanzia. Ukivuka mpaka huo kwa sababu umeshaingia moyo, ndipo watu wanapozika fedha kwenye vyuma.

Anza na deki. Inatoka kwa pini na mkanda, haitaki nguvu. Ipindue. Utakuta udongo na majani yaliyogandana kwa miaka, meusi, yana unyevu mpaka leo hata kama mvua haijanyesha wiki nzima. Chini ya tabaka hilo ndiko chumvi inakojificha. Kwangua mpaka uone chuma, kisha chukua bisibisi nene na nyundo ndogo, upite ukigonga. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kukaba na bisibisi inazama. Tundu pembeni, karibu na mdomo wa kutupia majani, fundi wa kuchomelea atatia kiraka cha bati nene na mambo yataendelea. Lakini kama bisibisi inazama kuzunguka pale ekseli za visu zilipofungwa, acha. Kisu kinazunguka mara elfu tatu na ushei kwa dakika. Kikishikwa na chuma cha kiraka kilichochomelewa juu ya kutu, siku moja kitaondoka na ekseli yake, nawe umekaa juu. Hapo ndipo ningesema chinja, na ningesema bila huruma.

Ukiwa bado chini, shika kila kisu ukitikise juu chini. Kikicheza, beringi imekwisha. Beringi zinapatikana Darajani au Dar es Salaam kwa namba iliyopigwa ubavuni mwake, hazihitaji kutoka Marekani. Kinachosumbua ni kasha la alumini lililozishika: skrubu za chuma zimeingia ndani ya alumini, chumvi imezigandisha, na kijana mwenye haraka anazikata vichwa. Loweka kwa oili nyembamba usiku kucha, pasha moto kidogo kwa gesi, kisha fungua taratibu ukirudisha na kusogeza.

Deki ikifaulu, ipake. Wazee wetu walipaka majahazi sifa, yale mafuta ya papa, na harufu yake aliyeijua haisahau. Kampuni ya rangi ya Rust-Oleum ilianzishwa Marekani mwaka 1921 na nahodha wa meli, Robert Fergusson, aliyeona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yakizuia kutu. Sikwambii utafute papa. Rangi ya kuzuia kutu itatosha, na baada yake kila ukimaliza kazi kwangua majani, usingoje yakauke.

Injini sasa, na hapa nina matumaini. Kwenye Briggs & Stratton tarakimu mbili za mwanzo za Model zinataja ujazo kwa inchi za ujazo: 31, ndizo hizo cc 500 nilizosema. Code ni tarehe ya kutengenezwa, mwaka kwanza kisha mwezi. Yako ni ya Agosti 2004. Ni mzee, lakini dalili ulizonieleza si za kifo.

Ule ukwamaji wa stata naujua kwa sura. Kwenye shafti ya kemu, ile inayofungua na kufunga vali, kuna kijinundu kinachoinua vali moja kiduchu wakati stata inazungusha, ili hewa iliyobanwa ipate pa kutokea na stata isielemewe. Nafasi ya vali ikipanuka kwa kutumika, kijinundu kile hakiifikii tena vali. Hewa yote inabaki ndani, stata inafika kwenye mbano na kusimama. Mwenye mashine ananunua betri, halafu stata, halafu waya mnene, na ugonjwa uko pale pale. Hoteli yenu imeshanunua betri. Ingekaa na trekta mwezi mmoja zaidi ingenunua stata.

Dawa yake ni spana na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Toa plagi, fungua kifuniko cha vali. Silinda ya injini hii imelala, basi zungusha flaiwili kwa mkono mpaka pistoni ifike mwisho wa mwendo wake na vali zote mbili ziwe zimefunga, kisha iache irudi kama milimita 6. Vali ya kuingiza iache nafasi ya karibu milimita 0.10, ya kutoa moshi karibu 0.15. Utakavyoiona mara ya kwanza utacheka: kwenye mashine za hoteli nimeona fila ya 0.40 ikipita bila kugusa huku wala huku. Kaza nati ya kufungia, pima tena, maana ukikaza inasogea. Kama baada ya hapo stata bado inakwama, huenda kile kijinundu chenyewe kimelika au kimevunjika. Itabidi kutoa shafti ya kemu, na hapo angalia mfuko wako.

Usikubali pia fundi akupimie mbano kwa geji akatoa hukumu papo hapo. Kwa sababu ya kijinundu hicho hicho geji inasoma chini hata kwenye injini nzima.

Moshi wa buluu kila mtu anausingizia ringi za pistoni. Kwenye injini hizi ningemshuku kwanza gasketi ya kichwa. Kuna ukingo mwembamba kati ya silinda na chumba cha fimbo za vali, na gasketi hupasuka hapo. Mbano unaingia kwenye kasha la kranki, unasukuma oili kwenye bomba la kupumulia, oili inaishia kwenye kabureta na kuungua. Ukivua kichwa utaona mwenyewe: mstari mweusi wa masizi umekatiza gasketi upande ule wa fimbo, wakati pengine pote ni pasafi. Safisha, kilaze kichwa kifudifudi juu ya kioo kilichotandikwa msasa, sugua kwa mduara mpaka kiwe rangi moja pote, tia gasketi mpya, kisha rekebisha vali upya. Kama gasketi ni nzima na kuta za silinda zina mikwaruzo inayoshika ukucha, basi walionena ringi wamesema kweli, na bei inapanda.

Kabla hujageuza ufunguo hata mara moja, chomoa kijiti cha oili unuse. Sindano ya kabureta ikivuja, petroli hushuka ndani ya injini, oili inapanda juu ya alama na kunuka petroli. Ukiwasha hivyo unaua beringi za kranki. Mwaga, tia mpya. Petroli ya mwaka jana imwage vile vile, na kabureta uisafishe. Chini ya bakuli la kabureta utaona kitu chenye waya mmoja au miwili: hicho kinafungua njia ya petroli kwa umeme. Ufunguo ukiwa wazi kinatakiwa kilie tiki. Kisipolia, injini itazungushwa mpaka kesho. Na stata isipojibu kabisa, tazama swichi ya kiti, ya pedali ya breki na ya visu. Zote tatu zipo kwa usalama na zote zinakufa kwa kutu. Zisafishe. Usiziunganishe moja kwa moja kama wanavyofanya vijana, maana ile ya kiti ndiyo inayozima visu mtu akianguka.

Spea: hiyo 917 ina faida yake. Craftsman lilikuwa jina la duka la Sears, nalo halikuwa na kiwanda cha matrekta. Namba zinazoanzia 917 zilitoka kiwanda ambacho baadaye kilikuwa Husqvarna, na ndugu zake wengine waliuzwa kwa jina la Poulan Pro. Jina la Craftsman lenyewe liliuzwa kwa Stanley Black & Decker mwaka 2017. Kwa hiyo ukiagiza, usimwambie muuzaji "nataka ya Craftsman" ukaishia hapo. Mpe namba nzima ya kibati, mwambie atafute upande wa Husqvarna. Injini ina namba zake peke yake, mpe pia.

Gia za mkono ni bahati yako. Soma barua ya pili hapa chini uone wenzako wanavyolia.

Hukumu yangu, basi: deki ikiwa nzima pale penye ekseli, lifufue, kwa kazi na si kwa sura. Rangi nyekundu usiinunue. Ubovu ukiwa pale, usilichinje pia mpaka injini iwake. Injini inayounguruma mbele ya mkuu wa matengenezo wa hoteli ni bidhaa, iliyofungwa kwenye kiroba ni kilo za alumini. Chukua picha, pita kwao kwanza, kisha matairi, kisha yule bwana wa chuma.

Ila nikwambie kweli kuhusu hiyo biashara. Skuli na viwanja vingi vinafyekwa na vijana wenye mashine za begani, na kwenye miti, mitaro na pembe huwawezi. Trekta linashinda kwenye uwanja mpana, tambarare, usio na mawe. Bambi kuna udongo, unaweza. Usilipeleke maweni kwa tamaa ya pesa ya siku moja. Nenda kaongee na hao wa uwanja wa mpira kabla hujanunua hata gasketi, ujue watalipa nini na mara ngapi, maana majani ya masika yanawashitua watu na ya kiangazi hayamshughulishi mtu.

Na mkeo ana haki. Chini ya mwembe majani yanadondoka, umande unadondoka, kuku wanalala juu ya kiti. Hata kama huna banda, lisogeze penye paa la makuti na ulipandishe juu ya matofali.

Swali

Maalim, natoka Mtambile, Pemba. Nina John Deere dogo la kukatia majani lisilo na gia za mkono, ni pedali mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Asubuhi linapanda mlima vizuri. Baada ya nusu saa linagoma kupanda, injini inanguruma lakini magurudumu hayana nguvu. Likipumzika linarudi. Fundi anataka kufungua injini abadilishe ringi. Je, nimruhusu?

Jibu

Mwache aende nyumbani kwake. Injini inayonguruma haina kosa. Hiyo ni gia ya mafuta: ndani yake pampu inasukuma oili, na oili ndiyo inayozungusha magurudumu. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani kupitia sehemu zilizolika, na nguvu inapotea. Matrekta mengi madogo ya bei ya chini ya John Deere yamefungwa gia ya Tuff Torq K46, nayo imetengenezwa kwa bustani tambarare. Pemba, kama unavyojua kwa miguu yako, haina tambarare nyingi.

Anza na vya bure. Juu ya gia kuna feni ya plastiki na mapezi ya kupozea; yakijaa majani makavu inapika. Safisha. Kisha tazama mkanda unaoiendesha, kama umelainika au springi yake imelegea, kwani mkanda unaoteleza hufanana sana na gia iliyochoka. Baada ya hapo ndio oili. Usitafute boliti ya kumwagia chini, huenda usiione. Kwa kawaida lazima gia nzima ishushwe na kupinduliwa. Wengi wanatia 5W-50 ya sintetiki kwa ajili ya joto. Ukirudisha, toa hewa: inua magurudumu ya nyuma, fungua kile kichuma cha kuachia gia, injini iende polepole, kanyaga mbele na nyuma mara kadhaa, kisha kifunge na urudie.

Ikikataa tena, gia mpya inaweza kukaribia bei ya trekta zima la mkono wa pili. Hapo tafuta mtu wa Unguja mwenye kiwanja bapa, mweleze ugonjwa wote bila kuficha, na umuuzie. Kwake linaweza kuishi miaka. Kwako, kila mlima unalimaliza.

Swali

Mimi ni Bi mwenye nyumba ndogo ya wageni Makunduchi. Kisu cha mashine yetu ya majani kimepiga jiwe kikakatika ncha. Fundi anasema atachomelea kipande cha springi ya gari, kitakuwa kigumu kuliko cha zamani. Wengine wananiambia cha kuchomelea ni hatari. Nifuate nani?

Jibu

Wafuate hao wengine, Bi. Ncha ya kisu cha mashine hizo inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Springi ya gari ni ngumu kweli, lakini ikichomelewa inakuwa dhaifu pembeni mwa mshono, na hapo ndipo itakapoachia. Huko kwenu mawe yamechomoza kila mahali, na kipande kitakachoruka hakichagui mgeni wala mwenyeji.

Nunua kisu kizima na ukitazame tundu lake la kati kabla hujalipa. Kuna ya duara, kuna ya nyota, na lisilolingana halilazimishwi kwa grenda. Fundi wako mwambie anoe kisu kipya kila kikifubaa, kwa tupa, kisha akitundike kwa tundu lake kwenye msumari ulioko ukutani. Upande unaoshuka ndio mzito, aupunguze mpaka kikae sawa; kisu kisicho sawa kinatikisa mashine na kula beringi. Akifanya kazi hiyo atoe waya wa plagi kwanza.

Na kabla ya kukata, mtu apite uwanjani na chokaa atie alama kila jiwe linalochungulia. Majani yanayozunguka mawe ya karibu na ngazi za wageni yakatwe kwa mkono, mashine isifike hapo.